Kuthaminiwa kwa Injini ya Pap Onditi

Idara ya Injini Kongwe ilitangaza kwa vipaza sauti, kutoka Kondele hadi Obunga, kwamba zama za injini kukaa ovyo ovyo zimekwisha. Kila injini ya gari la kale itatambuliwa, itathaminiwa, kisha itaunganishwa na gari linaloifaa. Wananchi waliambiwa wafurahi. Wachache waliokuwa na nafasi walifurahi.

Mkurugenzi Wandera aliliandika agizo hilo kwa mkono wake mwenyewe. Kwa bahati tu, ile bahati inayowapata wakurugenzi peke yao, nyumbani kwake Milimani alikuwa na Pijo 404: rangi mpya, viti vya ngozi, na pale penye injini, kuku anaatamia. Maonyesho ya magari ya kale yalikuwa Jumapili, na aliapa hatalipeleka lake kwa kulisukuma. Injini pekee ya aina hiyo aliyosikia bado inafanya kazi ilikuwa kijijini Pap Onditi, ikizungusha kisiagi cha unga cha mjane mmoja, Maximilla. Mkurugenzi alipoambiwa hivyo machozi yalimlengalenga. Urithi wa taifa, unasaga mahindi!

Agizo lilikuwa na kifungu kimoja kitamu. Gari na injini yake ni mwili mmoja. Chenye thamani ndogo kitakifuata chenye thamani kubwa, na mwenye kikubwa ndiye mwenye vyote. Kamati ya Idara ilikuwa imekwisha kuithamini bodi ya Pijo, kwa chai na samaki wa kukaanga, ikapata laki nane. Na injini ya kisiagi? Bei ya chuma chakavu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza.

Alhamisi kamati, Mkurugenzi mbele, ikashuka Pap Onditi. Kutambua kulifanywa kitaalamu. Mwanakamati mmoja aliinusa injini. Mwingine aliipiga kofi, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Katibu wa kamati, Naswa, alikwangua unga ulioganda ubavuni mwa injini mpaka namba ikatokea, akaisoma kwa sauti ya kanisani. Ilikuwa ya 404 kweli.

"Sasa mkibeba hii," Maximilla aliuliza, mikono imejaa unga, "mimi nitasomesha watoto na nini? Na hawa watu watasagiwa wapi?"

"Mama, tulia," alisema Mkurugenzi. "Hapa tunazungumzia urithi. Unga ni mambo ya tumbo."

Ikafika zamu ya kuthamini. Ili ionekane kwamba wananchi wameshirikishwa, agizo liliwataka waeleze historia ya injini. Mzee Sydney, aliyekuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi, alivua kofia.

"Hii injini ndio ilisaga unga ya matanga ya baba yangu. Watu walikula wiki mzima, yawa, na hakuna mtu alirudi kwake na njaa."

Naswa aliandika. "Matanga tuipe thamani gani, Mkurugenzi?"

Wandera angeweza kusema sifuri. Lakini uchaguzi ujao alikuwa anautaka ubunge, na hajazaliwa mtu wa kupata kura kando ya ziwa hili baada ya kusema matanga ya baba ya mtu ni sifuri. Akakohoa. "Weka... bei ya ng'ombe. Ndume mmoja."

"Mzima?"

"Kwani mtu huchinja nusu?" Mzee Sydney aliuliza kwa uchungu.

Ndume akaingia, mzima. Watu wakasogea. Kila boma lilikuwa na marehemu wake, na kila marehemu alisindikizwa kwa ugali wa kisiagi hicho. Mkurugenzi alimkazia Naswa jicho, Naswa asilione, maana marupurupu ya wanakamati yalikuwa sehemu ya kumi ya thamani, naye alikuwa anajenga. Wanakamati wakaanza hata kuwasaidia watu kukumbuka: "Na shangazi je? Hukuwa na shangazi?" Bibi mmoja alilalamika kwamba yeye bado yuko hai. Aliandikwa pia, kama akiba. Kabla ya saa sita injini ilikuwa imeipita bodi na bado inapanda.

"Inatosha!" Mkurugenzi alifoka. "Mengine futa!"

"Sawa, mkubwa," Naswa alisema kwa upole. "Nifute matanga ya nani?"

Umati ulitega masikio, ukisubiri jina. Wandera aliutazama, akaziona kura zote zimesimama pale na madebe ya mahindi. Akatia sahihi.

Jumamosi lori la Idara lilikwenda Milimani kuchukua kile chenye thamani ndogo. "Sheria ni msumeno, mkubwa," Naswa alimfariji. Wandera alilifuata kwa bodaboda, akila vumbi hadi Pap Onditi, na kufika akakuta Pijo imeteremshwa kando ya kisiagi. Maximilla aliizunguka, akafungua mlango, akabonyeza kiti cha ngozi.

"Hii ni nzuri," alisema. "Watu wangu walikuwa wanangojea unga kwa jua."

Kufikia mchana kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa. Wandera alikuwa nje, suti imemganda mgongoni. Maximilla alimwonea huruma, huruma ya kweli, si ile ya kamati.

"Kuja ukae, Mkurugenzi. Nyinyi huko nyuma, sogeeni kidogo."

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Wandera alikiendea upesi, akashika mlango.

"Hapana, baba," alisema Maximilla. "Hapo ni ya mtu amekuja na mahindi."