Ombi la Kupewa Leseni Bila Kutahiniwa Mara ya Tano

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Udereva,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba gari lako limewaka asubuhi bila kusukumwa. Mimi si mzima sana, kama utakavyoona hapa chini.

YAH: KUFELISHWA MARA NNE KWA DEREVA MWENYE UZOEFU WA MIAKA ISHIRINI NA MIWILI

Mimi ni mgeni katika nchi yenu, huu ni mwaka wa pili, pamoja na mke wangu na binti yetu. Kwetu nilikuwa dereva wa lori la tani kumi. Nimebeba saruji, ng'ombe, vitanda vya hospitali, na siku moja harusi nzima, bibi harusi akiwa mbele pamoja nami na bwana harusi nyuma na magodoro. Madereva wote wa njia ile walinijua kwa jina la Mzee Gia. Hapa kwenu nimefanywa mwanafunzi. Gari la shule ya udereva limebandikwa kibao cha kuwaonya watu wakae mbali nami, na kweli wanakaa.

Kwa sasa naosha trei katika kiwanda cha mikate. Mwenye kiwanda ameniahidi gari la kusambaza mikate nikimletea leseni kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi ukiisha, gari anapewa mwingine. Zimebaki siku kumi na tisa. Sikuandikii kwa kujifurahisha, Mheshimiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upande. Mmeamua kuendesha kulia, na mimi mgeni siwezi kuuliza nani aliwaruhusu. Lakini usukani nao mmeuhamishia kushoto, hivyo mkono wangu wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa gia, umeachishwa kazi bila notisi. Katika mtihani wa kwanza ulitafuta gia ukakuta kitasa cha mlango. Mtahini wenu, mama mwembamba anayeandika bila kutazama karatasi, aliandika kwamba dereva alijaribu kushuka gari likiwa kwenye mwendo. Sikujaribu kushuka. Nilikuwa naingiza namba tatu.

2. Honi. Kwetu honi ni mdomo wa gari. Moja fupi ni shikamoo, mbili ni asante, ndefu ni ondoka hapo baba. Katika mtihani huo huo nilipiga kumi na moja, zote za heshima, na mzee mmoja mwenye baiskeli alidondoka kwa sababu ambazo sizifahamu. Nilisimama kumpa pole. Hilo nalo likaandikwa, kwamba nimesimama pasiporuhusiwa.

3. Kivuko cha waenda kwa miguu. Mara ya kwanza sikusimama nikafeli. Nikasema sawa, kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mara ya pili nikasimama. Pale pembeni alikuwapo bwana mmoja anatazama simu yake. Nilimngoja. Nikamwonyesha kwa mkono apite. Nikashusha kioo nikamsihi, nikamweleza kuwa nina mtihani na nina familia. Akanijibu kwa upole kwamba havuki, anamsubiri shemeji yake. Nyuma yangu magari yalikuwa yamefika mpaka kwenye taa. Nikafelishwa kwa kuzuia njia. Sasa naomba nijulishwe kwa maandishi: ofisi yako inataka nisimame au nisisimame?

4. Taa. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa kuwa taa ndiyo lugha yetu sisi madereva, na nilidhani lugha hiyo haina mipaka. Mtihani wa tatu nilikuwa naenda vizuri. Gari likanifuata kwa nyuma, nami kwa uungwana nikampa indiketa ya kulia, yaani asinipite, mbele si salama. Kila dereva wa kwetu anajua hivyo. Mtahini akaniuliza nakata kulia naelekea wapi. Nikamwambia siendi popote, nazungumza na mwenzangu wa nyuma. Akaandika muda mrefu.

Mtihani wa nne ndio huu wa juzi. Gari jekundu lilikuwa linataka kuingia kutoka barabara ndogo. Nikammulika taa mara mbili. Kwetu maana yake ni moja: kaa hapo hapo, nakuja. Yule akanipungia mkono, akatabasamu, akaingia mbele yangu. Inasemekana kwenu kumulika ni kumkaribisha mtu apite! Mtahini akakanyaga breki ya upande wake bila kuniomba ruhusa. Kwenye kiti cha nyuma cha lile gari jekundu nilimwona mama ameshika keki, nayo ilikuwa inatetemeka. Magari hayakugusana. Kati yao na sisi palibaki nafasi ya kutosha kupitisha mkate, kama umekatwa.

5. Matawi. Siku ya mazoezi gari la shule lilizimika. Kama dereva yeyote mwenye malezi nilishuka, nikakata matawi kwenye ua wa jirani, nikayapanga barabarani hatua ishirini nyuma ili wanaokuja wajue kuna gari bovu. Mwalimu wa udereva alikuwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili. Mwenye ua ni wakili.

6. Mke wangu. Huyu kwetu hajawahi kuendesha hata toroli. Amejifunza hapa miezi mitatu, akapasi mara ya kwanza, na mtahini akampa mkono. Sasa ananipeleka kazini kila asubuhi, mimi nimekaa upande wa abiria na bakuli langu la chakula mapajani, na breki nakanyaga mimi, kwenye zulia. Huniambia ukifika nchi ya chongo, nawe fumba jicho. Nimemjibu kwamba mtihani wenu wa macho ulinitaka niyafumbue yote mawili. Inaniuma, Mheshimiwa, siwezi kuficha. Kwa ushahidi huu ni dhahiri ofisi yako inawapendelea wasiojua kitu na kuwaadhibu wenye ujuzi.

7. Kwa hiyo naomba nipewe leseni bila kutahiniwa tena. Ikishindikana, mtahini apelekwe kwetu kwa nauli ya serikali, akabidhiwe lori la ng'ombe, apande ule mlima wetu siku ya mvua, nami nikae pembeni nikiandika bila kutazama karatasi. Na hilo likishindikana, basi ofisi iwatangazie wananchi wote wajifunze alama zangu za taa. Nimelifikiria jambo hili kwa haki. Mimi ni mmoja, nao ni mamilioni, na kazi ikishikwa na wengi huwa nyepesi.

Nakutakia kazi njema na barabara kavu. Nisalimie mama wa dirisha namba tatu anayenipa fomu kabla sijasema neno, mlinzi wa mlangoni anayeniuliza leo je, na yule mzee wa baiskeli ukimwona. Mtahini naye msalimie, kwa umbali.

Ni mimi, mwanafunzi wako kwa kulazimishwa,
Mzee Gia

Nyongeza: Binti yetu, aliyeichapa barua hii na kunirekebishia adabu mahali pawili, ametimiza miaka kumi na minane wiki hii na anaanza kujifunza Jumatatu. Aliniomba nimfundishe mimi. Nimekataa. Nakuomba sana apangiwe mtahini yule yule mwembamba, si mwingine. Asimwonee huruma kwa kuwa ni mgeni. Akisahau kutazama kioo hata mara moja, amfelishe. Akimmulikia mtu taa kwa namna aliyoniona mimi nikifanya, amfelishe na amrudishe mwanzo, hata mara kumi, nami nitamleta kila mara kwa miguu na kumngoja nje. Mwenye kiwanda nimeshamwambia gari la mikate ampe mwingine mpaka nitakapojua kuendesha. Mtoto tunaye huyo mmoja tu.