Pasipoti ya Mwaka wa Nzige

Jumanne, 1 Julai 1958. Kitale.
Meneja wa stoo ametuita sisi makarani. Ati kuna shule ya ushirika huko Denmark, inataka Mwafrika mmoja anayejua mambo ya mahindi. Miezi sita! Nauli juu yao, chakula juu yao, hata koti ya baridi juu yao. Nikajiona tayari nashuka kwa ndege. Mimi Wanjala, karani wa mizani tangu vita ya Hitler, nani mwingine?
Halafu akaongeza kitu kimoja. Mtu asiwe amepita miaka arobaini na tano.
Nyongesa akacheka, akasema basi bakoki, sisi turudi kwa magunia. Bakoki ni mtu mliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Mimi na Nyongesa tulisimama pamoja, asubuhi moja, matope ya mto mmoja, mwaka ule askari wa Keya walirudi kutoka vita ya kwanza ya Mjerumani. Hesabu hiyo inatuleta kama hamsini na nne. Yeye amekubali uzee wake. Mimi sikukubali. Naandika haya ili Mungu asiseme nilificha.

Alhamisi, 3 Julai.
Nimeulizia habari ya karatasi. Pasipoti inatoka Nairobi, lakini D.C. wa Bungoma lazima aipitishe kwanza. Ikishatoka inapelekwa London, kwa ubalozi wa Denmark, wapige muhuri wa viza. Mbali sana, lakini njia ni nyeupe.
Shida ni tarehe ya kuzaliwa. Nani kwetu anayo? Mama alisema tu nilizaliwa wakati wa kupalilia wimbi. Kwa hivyo karani wa chifu huko Bumula anakuuliza ulitahiriwa mwaka gani. Anarudi nyuma miaka kumi na sita, anaandika. Basi! Hiyo ndiyo cheti yetu.
Hapo wazo likaingia. Nikisema nilitahiriwa mwaka wa nzige, miaka kumi baada ya wetu, nakuwa mtu wa arobaini na nne. Kijana kabisa! Inatakiwa tu bakoki mmoja wa mwaka huo aape kwamba tulisimama pamoja.
Na nani ni wa mwaka wa nzige? Mukhisa! Fundi seremala hapa Kitale, mjane, mtu mpole. Anataka kumuoa binti yangu Nasimiyu, na ng'ombe wa kwanza wameshafika kwangu. Hawezi kunikatalia kitu. Nilijisifu mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Jumamosi, 5 Julai.
Picha ya pasipoti. Nilipaka nywele rangi ya viatu, nyeusi. Taa za mpiga picha ni kali, bana. Rangi ikaanza kuteremka kwa shavu. Mpiga picha akauliza kama nalia. Nikasema ndiyo, nimefiwa. Akanipa pole na leso yake. Leso nayo imeharibika.
Jioni nikaenda kwa Mukhisa. Alinitolea kiti, yeye akabaki wima, vile mkwe anafaa. Nikamweleza. Aliweka randa yake chini. Akasema, "Papa, hii maneno ni mbaya. Watu watasikia." Nikamuuliza watasikia na nini, ni karatasi tu ya Wazungu. Akasema kiapo si karatasi. Nikamkumbusha kwamba harusi inangoja neno langu.
Nilimtisha na mtoto wangu mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai. Bumula.
Nimeapa! Mwaka wa nzige! Mukhisa naye ameapa, sauti chini kama mtu anayeongea kwa matanga. Karani wa chifu alinitazama kichwa, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nzige walikaa mpaka kwa blanketi yangu ya jando. Sijui hiyo ilitoka wapi. Uongo ukianza unajiongezea wenyewe.
Wazee walikuwa kwa benchi ya nje wakingoja kesi ya mpaka wa shamba. Nilifikiri wanasinzia.

Jumapili, 13 Julai.
Hawakuwa wanasinzia.
Tumetoka kanisa, Nasambu mke wangu ametembea mbele yangu njia yote. Kufika nyumbani akaweka Biblia mezani. "Baba Lenah, nisaidie hesabu. Lenah wetu alizaliwa kabla ya nzige, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Na wewe umetahiriwa mwaka wa nzige." Nikaisogeza Biblia. "Kwa hivyo mimi niliolewa na kijana ambaye hajatahiriwa, nikamzalia mtoto. Asante. Nimejua leo."
Alicheka, lakini si kicheko cha kucheka. Alilala kwa jikoni.
Hiyo hesabu sikuifanya. Karani wa mizani mzima!

Jumatano, 23 Julai.
Mzee Barasa, baba yake Mukhisa, alikuja na wazee wawili. Hawakutaka chai. Nikajua ni mambo mazito.
Alisema polepole, kama mtu anayeumwa jino. Ati mtoto wa bakoki yako ni mtoto wako. Huwezi kumuoa. Mukhisa na mimi tumeapa mbele ya chifu kwamba ni bakoki. Basi Nasimiyu ni mtoto wa Mukhisa. Harusi hakuna, na ng'ombe wao warudi.
Nikasema, wazee, ni kiapo cha pasipoti tu! Barasa akauliza kama nina kiapo kingine cha nyumbani. Nikasema wote tunajua ukweli. Akasema, "Sisi tunajua. Nenda umwambie D.C. pia. Halafu uje useme mwaka wako mbele ya bakoki zako wa kweli. Hapo tutakunywa chai."
Nasimiyu alikuwa mlangoni. Ana miaka ishirini na nne, anafundisha watoto wa darasa la kwanza, amemngoja Mukhisa tangu amalize kumlilia mke wake wa kwanza. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, umenifanya mtoto wa mtu niliyetaka awe mume wangu." Akaingia ndani.
Nimeahidi kwenda Bungoma. Nitaenda. Lakini pasipoti iko njiani. Nikienda sasa, itakufa. Nikingoja kidogo viza itoke, nisafiri, nirudi, ndipo nikiri, wote tutafaidika. Miezi sita ni nini kwa mtu aliyengoja?
Nimeisoma hiyo mara mbili. Ni maneno ya shetani, lakini yana mpango.

Ijumaa, 8 Agosti.
Pasipoti imefika! Jalada gumu, rangi ya bluu, jina langu ndani. Uso wangu una mstari mweusi kwa shavu, lakini ni mimi. Nimeituma London siku hiyo hiyo.
Jioni tulikuwa kwa jirani, kijana wake anatahiriwa kesho. Njuga, nyimbo, vumbi. Wanaume wanakaa kwa miaka yao ya kutahiriwa. Nikaenda kukaa na wenzangu. Nyongesa akaweka mkono kwa kiti. "Kijana, hapa ni ya wazee. Wenzako wa nzige wako kule kwa migomba."
Watu walicheka. Nyongesa hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, mimi tu nisikie, kwamba siku ile mtoni tulikuwa saba, tumebaki yeye na mimi. Ati sasa amebaki yeye.
Nikaenda kwa migomba. Nafasi ilikuwa moja tu, karibu na Mukhisa. Mkwe na baba mkwe, benchi moja, sahani moja! Mukhisa aliamka haraka, akala akiwa amesimama nyuma ya ghala. Mimi nikabaki na sahani.

Alhamisi, 14 Agosti.
Leo asubuhi Mukhisa alipanda basi akaenda Bungoma peke yake. Hakunambia. Alisimama mbele ya D.C. akasema ameapa uongo. Akasema ni yeye alinishawishi, ili apate sifa kwa mkwe wake.
Wakatuma askari kuniita. D.C. akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa.
Mukhisa alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, vumbi ya mbao bado kwa nyusi. Alinitazama kama anayesema, Papa, kubali tu, iishe.
Nikasema ndiyo, Bwana, ndivyo.
Mungu anisamehe. Mukhisa amefungwa wiki mbili, anafyeka nyasi ya boma. Mimi nimefokewa tu, wameandikia London pasipoti irudi, na nimeambiwa niende nyumbani. Nilienda. Nilipita pale anafyeka. Aliinua mkono akanisalimia.

Jumamosi, 16 Agosti.
Nimerudi Bungoma kwa D.C. Nimesema yote: wazo ni langu, kutisha ni kwangu. D.C. akauliza kwa nini sikusema juzi. Nikasema juzi nilikuwa na pasipoti kichwani. Amemtoa Mukhisa, ameniweka mimi mahali pake kwa wiki moja. Panga ni ile ile. Butu.

Jumapili, 24 Agosti.
Wamenitoa juzi. Jana nilipeleka kondoo wa kuosha kiapo. Mbele ya wazee na Nyongesa nilitaja mwaka wangu, na majina ya wale watano waliokufa, mmoja mmoja. Nilipomaliza Nyongesa alinisogezea kiti. Akasema, "Kaa, bakoki. Umezeeka tena." Barasa alikunywa chai, vikombe viwili. Nasimiyu alinishika mkono. Nililia kweli, bila rangi ya viatu.
Nimejifunza. Miaka ya mtu si yake peke yake. Sitaigusa tena, wallahi, hata kwa mwezi mmoja.

Jumamosi, 30 Agosti.
Harusi! Nasimiyu amependeza, Mukhisa amevaa suti ya kuazima iliyombana makwapa. Nasambu ameniita Baba Lenah mbele ya watu, na safari hii ilikuwa salamu. Nimeshukuru Mungu kwa moyo wote.
Baada ya chakula mchungaji alisimama na tangazo. Ati kuna wafadhili watapeleka wazee wa kanisa Yerusalemu kuhiji. Pasipoti na viza watashughulikia wao. Mzee tu awe ametimiza miaka sabini.
Sabini.
Nyongesa akanitazama. Mimi nikatazama sahani yangu, kwa heshima.
Sabini na zaidi ni wale waliotahiriwa kabla reli haijafika Kisumu. Nani bado anaishi? Mzee Barasa! Na yeye ni mkwe mwenzangu, hana binti ninayetaka kumuoa, wala yeye hataki kuoa wangu, kwa hivyo tukiwa bakoki hakuna harusi itakayoharibika. Nimeipiga hesabu hiyo vizuri, huku nikiwatazama mtoto wake na mtoto wangu wameketi bega kwa bega.
Nywele pia sasa ni nyeupe zenyewe.
Niliinuka, nikampelekea Barasa firigisi yangu ya kuku, ile ya mwenye boma. Aliipokea, akanishukuru, akauliza kama ninaumwa.