Saba za Kengele: Malalamiko Dhidi ya Bunduki ya Babu

Kwa Katibu,
Ligi ya Kulenga Kengele ya Bonde la Henwy
(ambaye pia ni dereva wa basi letu la shule).

YAH: OMBI LA KUIPIGA MARUFUKU BUNDUKI YA BABU YANGU KABLA HAIJAPONA KABISA

Ndugu Katibu, Bwana Gethin Prosser,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na basi lako. Mimi ni Tesni Beynon, umri miaka kumi na mitano, yule wa kiti cha tatu nyuma yako, upande wa dirisha. Tumesafiri pamoja kila asubuhi kwa miaka minne, na kwa hesabu yangu nimekwisha kukuambia maneno matatu, moja likiwa chafya. Kwa hiyo usishangae kwamba jambo ambalo ningeweza kulisema kwa kuinama mbele kidogo tu, nimeamua kuliandikia barua, kuitia bahasha, na kuibandika stempu, ingawa nitaiacha mwenyewe juu ya dashibodi yako.

Unajua shida ya timu ya baa ya Mwanakondoo. Tangu Bi. Eluned ahamie kwa binti yake, wamebaki walengaji watano, na sheria yako inataka sita. Asipopatikana wa sita Alhamisi hii, siku ya kuandikisha, timu inafutwa. Nahodha wake kwa miaka thelathini na moja ni babu yangu mzaa mama, Wilf Tranter, ambaye mikono yake siku hizi inatetemeka hata akibeba kikombe kitupu. Hawezi kulenga tena. Kwa hiyo amenichagua mimi, nilenge kwa bunduki yake.

Unajua pia desturi. Mlengaji mpya husimama peke yake katika chumba cha nyuma, watu wote wameshika vinywaji vyao, akataja jina lake kwa sauti, akataja timu yake, akapiga risasi moja kwenye sahani ya chuma. Ikipenya kwenye kitundu, kengele iliyo nyuma yake inalia. Sahani siiogopi. Kitundu sikiogopi. Ninachoogopa ni kutaja jina langu.

Yaani kinachonitenganisha na aibu hiyo ni ubovu wa bunduki moja tu, na ubovu huo Babu anauondoa kila siku kwa makusudi, mbele ya macho yangu. Ndiyo sababu ya malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu kiatu changu.

Ni bunduki ya upepo ya zamani. Baba yake Babu alifanya kazi katika kiwanda kilichoitengeneza, kule Birmingham, na ilikuwa imelala darini miaka mingi, imeviringishwa pazia. Unaikoki, springi inajibana. Unafyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, upepo unasukuma risasi ndogo kama punje ya mtama. Lakini pistoni bila ngozi nzuri kichwani haisukumi kitu, upepo unapita pembeni. Ngozi ya zamani ilikuwa imekauka kama biskuti. Babu akatafuta ngozi nyumba nzima. Mwisho akakata ulimi wa kiatu changu cha shule, cha kushoto, nikiwa kitandani na mafua.

Akaitia ngozi hiyo kwenye sufuria yenye mafuta ya kondoo ili ilainike. Bibi Nesta, bila kuuliza, akaongeza viazi na vitunguu liki.

Tulipokaa mezani Bibi akatafuna, akatafuna, akasema, "Wilf, kondoo huyu alikufa kwa uzee?"

Babu akamtazama vizuri, akaweka kijiko chini. "Nesta, hiyo si nyama. Hiyo ni pistoni. Iteme polepole, usiipinde."

Bibi aliitema, na Babu akaisifu kwamba sasa imelainika barabara. Mimi nikaenda shule na kiatu kisicho na ulimi. Kila nikipiga hatua kinalia kwii. Ndugu Katibu, mimi ni mtu ambaye kwa miaka minne nimeingia darasani bila hata mwalimu kujua. Sasa najulikana tangu getini.

2. Kuhusu springi.

Kila fundi anajua kwamba springi ya bunduki haitolewi kwa mkono. Unaibana kwenye jiriwa, unailegeza kidogo kidogo kama unayemwambia mtu habari mbaya. Babu pia anajua, tena ndiye aliyenifundisha. Lakini siku hiyo jiriwa ilikuwa imeshika mguu wa kiti cha Bibi, na Babu akasema, "Aa, springi kuukuu hii, imechoka kama mimi."

Haikuwa imechoka. Ilipita dirishani bila kufungua dirisha, ikaruka ua, ikaingia katika bustani ya jirani yetu Bwana Ifor, ambaye, kama ujuavyo, anazilea liki zake za maonyesho kwa kuziimbia.

"Wilf!" tukasikia. "Kitu chako kimeniingilia kwenye liki!"

"Usikiguse! Kina grisi!"

"Kimechoma ile kubwa! Imetoboka katikati!"

"Katikati kabisa?" Babu akauliza, na nakuapia alikuwa na furaha usoni. "Ifor, sema kweli, katikati kabisa?"

Tangu siku hiyo Bwana Ifor hamsalimii Babu. Ananisalimia mimi, tena kwa kunisimamisha njiani na kuniuliza maswali. Hilo ni baya zaidi.

3. Kuhusu mafuta.

Nasema hili kwa masikitiko kwa sababu kosa lilikuwa langu. Babu aliniambia nitie mafuta tone moja nyuma ya pistoni. Tone moja lilionekana la uchoyo, nikatia kama kumi na mbili, tena mbele. Mafuta yakizidi kwenye bunduki ya upepo, haipigi kwa upepo tena. Inawaka ndani kama injini ya dizeli. Babu alipofyatua, kibanda chake chote cha ufundi kilijaa moshi wa buluu na mlio ulifika ng'ambo ya bonde.

Sebuleni Bibi alikuwa na akina mama wa kanisa, wako katikati ya sala. Bi. Megan, ambaye hajapiga magoti tangu afanyiwe upasuaji, alipiga magoti. Kisha akasema, "Amina," na wengine wote wakamfuata, ingawa sala ilikuwa haijafika nusu.

"Ni bunduki tu," Bibi akawaambia.

"Afadhali," akasema Bi. Megan kutoka sakafuni. "Nilidhani ni jibu."

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu breki za basi lako, na nimeona si mahali pake.

5. Kuhusu kupona kwa bunduki. Hili ndilo lalamiko lenyewe.

Hapo mwanzo nilikuwa salama. Mwezi wa pili risasi ilitoka kwenye mtutu, ikatua kwenye meza ya fundi, ikabingirika, ikaanguka kwenye kikombe cha Babu. Nikasema moyoni, nimeokoka. Lakini Babu akaendelea. Kutu akaiondoa kwa msasa na uvumilivu. Kitako alikipaka mafuta ya kitani kwa kidole gumba, kila siku mara moja, mpaka mti ukaanza kung'aa kama chai ya rangi. Springi ya bustanini akaiosha akairudisha. Ukutani mwa kibanda akatundika sahani ya mazoezi yenye kengele, kwa umbali uleule wa baa, na mlangoni akaanza kuchora alama kwa chaki: risasi saba kila kipindi, na kengele ngapi zimelia.

Moja. Mbili. Wiki iliyofuata nne.

Babu hasikii simu. Hasikii Bibi, au ndivyo anavyosema. Ila kengele ile anaisikia. Ikilia tu, hata akiwa amegeuza mgongo, mkono wake wa chaki unanyanyuka wenyewe, na kwa muda huo mdogo hautetemeki.

Ndugu Katibu, bunduki ilivyokuwa inapona, ndivyo mimi nilivyokuwa naugua. Naungama kwamba mwezi wa nne niliitoa ile ngozi ya pistoni nikaificha ndani ya kopo langu la kalamu. Babu alitafuta, hakunikasirikia. Alikata ulimi wa kiatu cha kulia. Sasa viatu vyangu vinalingana, na ninalia kwii-kwii.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni alichoniambia nilipofika kengele tano. Nilikuwa nimeishika bunduki kwa uoga, kama kawaida yangu, mkono wa mbele umefunguka kabisa, imelala tu kiganjani. Nikangoja anikosoe. Akasema, "Hivyohivyo. Bunduki ya springi inaruka kabla risasi haijatoka, mwanangu. Ukiikaba inakosea kwa hasira. Mimi miaka thelathini nilijifundisha kutoikaba. Wewe hukabi kitu chochote tangu uzaliwe." Mtu anawezaje kujitetea dhidi ya maneno kama hayo?

6. Kuhusu tangazo lako.

Hapa lawama ni ya ligi. Mwezi wa kwanza ulibandika kwenye baa tangazo la lugha mbili. Upande wa Kiingereza mtu aliuchana akaukunja chini ya mguu wa meza inayoyumba. Ukabaki upande wa Kiwelshi, uliosema: *Walengaji wapya, Alhamisi ya mwisho ya Mei, saba za kengele.*

Wewe na mimi tunajua kwamba Mwelshi hataji saa bila kutia neno "kengele". Saba za kengele ni jioni, mshale mfupi ukiwa juu ya namba saba. Ndiyo saa ya kufika, basi. Lakini Babu ni mtu wa Birmingham. Amekaa bondeni miaka hamsini na Kiwelshi chake kinaishia kwenye "habari za asubuhi" na matusi mawili ya kondoo. Akaweka kidole kwenye lile neno la mwisho akaniuliza, "Tesni, wewe msomi wa lugha mbili, hili maana yake nini?"

Nikasema, "Kengele."

Sikusema uongo. Aliuliza neno moja, nikamjibu neno moja. Lakini niliona anavyosoma upya tangazo zima kwa midomo, kisha akasema taratibu, "Ahaa. Kwa hiyo mlengaji mpya lazima kwanza alize kengele saba. Kali, lakini haki." Nami nikanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Nilijua bunduki ile haitailiza kengele mara saba hata karne ijayo. Jana imelia mara sita.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima, ligi ichague mojawapo:

(a) itangaze kwamba bunduki ya Babu ni mzee na inastahili kustaafu, ipewe cheti, irudi darini;

(b) au iongeze kiwango kiwe kengele tisa, bila kumweleza Babu kwamba kiwango hakikuwepo;

(c) au iruhusu mlengaji mpya atajiwe jina na mtu mwingine, ikiwezekana mtu aliye wilaya nyingine;

(d) au iandike kwa wakuu wa lugha ya Kiwelshi kuomba neno "kengele" liondolewe kwenye saa. Najua lugha si mali ya ligi, lakini hata tangazo lile halikuwa mali ya meza ya baa.

Natambua kwamba ukinikubalia, timu ya Mwanakondoo itafutwa, na Babu atabaki na kibanda, chaki, na kengele isiyo na mtu wa kuiliza. Nimelifikiria hilo. Nimelifikiria kuliko nilivyotaka.

Nisalimie mkeo, nisalimie fundi anayekutengenezea breki, nisalimie timu zote tano za bonde, na meza yenye mguu mfupi. Bwana Ifor usimsalimie, atataka kujua salamu zimetoka wapi.

Ni mimi, abiria wako mtiifu na mkimya,
Tesni Beynon

Tanbihi: Leo alasiri, barua ikiwa tayari, dhamiri ilinishika, nikaenda kibandani kumwambia Babu ukweli. Ili nipate ujasiri nikaomba kwanza nipige saba zangu. Kengele ikalia mara saba. Babu akachora alama ya saba, akavua kofia, akakaa juu ya ndoo.

Nikamwambia, "Babu, si kengele saba. Ni saa. Nilijua tangu mwanzo."

Akafuta miwani. "Mjukuu wangu," akasema, "nina miaka hamsini na bibi yako. Kila siku ya Mungu ananiita kwa Kiwelshi, chakula tayari, sita za kengele. Unadhani nimekuwa nikifika mezani kwa bahati?"

Kwa hiyo tafadhali puuza yote kuanzia YAH mpaka jina langu, isipokuwa habari ya viatu, ambayo ni ya kweli na inaendelea. Andika: mlengaji wa sita, Mwanakondoo. Kama umekubali, usigeuke na usiniambie kitu. Piga honi mara moja tu ukifika kona ya kanisa. Alhamisi nitakuwepo saba za kengele. Jina nitalitaja mwenyewe. Sauti ikigoma kutoka, mtanisikia nikiingia.