Mkojo Wangu Hauna Doa

Jumatatu, 2 Machi

Huna haya, daktari! Koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, halafu unamwambia mwanamke aliyezaa watoto sita akajisaidie kwenye kopo apimwe dawa za kulevya. Mimi! Ambaye hata kahawa naiona kali!

Sikumwambia hivyo. Nilimwangalia tu, akajua. Akasema kila anayetumia vidonge vile vya nyonga hupimwa, si mimi peke yangu. Akaendelea kutueleza sababu, mimi na binti yangu, maneno marefu. Sikumsikiliza. Nilikuwa natafuta jibu la kumkata.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anatumia vidonge hivyo hivyo kwa mgongo wake. Alishapimwa. Anasema walimsifu. Anasema hivyo tangu mwaka jana, kwa yeyote aliyesimama karibu.

Basi. Naishi ghorofa ya tatu. Bila vidonge, ngazi sizipandi. Na binti yangu ameshatamka: siku nitakayoshindwa ngazi, nahamia chini, chumba kimoja na wifi. Wifi anayekoroma kama mashine ya kusaga, halafu asubuhi anawaambia watu ni mimi niliyekoroma!

Kwa hiyo kipimo hiki lazima nipite. Na akili nimeipata. Vidonge vile vinaniletea usingizi, kwa hiyo na vyenyewe ni vya kulevya. Nisipomeza mpaka Alhamisi, watakuta nini? Hewa! Nimevificha kwenye kopo la vifungo. Wifi alisifiwa. Mimi watanipigia makofi.

Jumatano, 4 Machi

Nyonga inawaka moto. Leo nimeshuka ngazi kwa makalio, moja moja. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili akafungua mlango, akauliza kulikoni, bibi. Nikamwambia nafuta vumbi, maana ninyi wa huku hamfagii. Akazitazama ngazi. Akaenda kuchukua ufagio. Kumbe ana adabu.

Alhamisi, 5 Machi

Maabara. Mpimaji ni mwanamume mwembamba, glovu hazivui hata anapojikuna. Nimempa jina la Glovu. Akanionya siku nyingine nisije nimejaza maji tumboni. Mkojo ukiwa maji matupu wanaukataa, wanadhani mtu anaficha kitu. Nikamwambia baba, mimi sifichi kitu. Kopo lenyewe lina kibandiko cha kupima joto, waone kama mkojo umetoka mwilini sasa hivi au umetoka kwenye mkoba. Watu wana vituko!

Nimemkabidhi kopo kichwa juu, kama nampa zawadi ya harusi.

Jumatatu, 9 Machi

Safi! Hawakukuta kitu! Nilisimama katikati ya chumba cha daktari nikampa mkono binti yangu.

Daktari hakunipa mkono. Aliuliza vidonge vinakwenda wapi. Nikasema tumboni. Akasema tumboni havimo, bibi, na ndiyo maana tunapima: kuona kama mgonjwa anameza dawa yake, na kama hachanganyi na mengine. Kuna wanaoviuza, akasema. Kwa sauti ya upole. Afadhali angefoka.

Kumbe walitaka waikute! Sasa si angesema? Binti yangu akanong'ona kwamba alisema, mama, tena mara mbili.

Ningemweleza ukweli. Lakini kumweleza ni kukiri kwamba sikumsikiliza. Bora anidhanie mwuzaji.

Napimwa tena keshokutwa. Dawa isipoonekana, hanipi tena. Jioni binti yangu alikuwa chini na utepe, anapima kama kitanda changu kitapita mlango wa wifi. Kitapita. Wifi ameshaondoa viatu vyake upande wangu!

Jumatano, 11 Machi

Wanataka dawa kwenye mkojo? Watapata dawa kwenye mkojo. Kumeza ni kubahatisha. Tumbo langu la zamani, linaweza kukaa na kidonge wiki. Nimesaga viwili kwa tako la glasi, nikafunga kwenye pindo la nguo. Nilipofika chooni nikamimina unga ndani ya kopo, nikakoroga kwa mkono wa miwani. Joto sawa kabisa!

Glovu akalitazama kopo, akalitikisa, akanitazama mimi. Hakuniaga. Wivu.

Miwani nimeosha mara mbili.

Ijumaa, 13 Machi

Aibu. Daktari anasema dawa imo, tena ya kumlaza ng'ombe. Ila kidonge kikipita mwilini, mwili hukivunja na kuacha masalia, na mashine yao huyatafuta hayo masalia. Kwangu hakuna hata chembe. Dawa hii, bibi, haikupita popote, imeingia kopo moja kwa moja. Na Glovu akaongeza, akiwa mlangoni, kwamba chini ya kopo kulikuwa na unga kama chaki. Nani alimuuliza?

Nikasema mashine yao mbovu. Daktari akashika kalamu aifute dawa yangu. Ngazi zote nikaziona zimesimama mbele yangu kama ukuta.

Ndipo binti yangu akafungua mkoba, akatoa kopo la vifungo. Alikuwa akifungasha vitu vyangu vya kuhamia chini, akalitikisa, likalia vibaya. Vidonge vyote vimo, daktari, akasema, isipokuwa viwili, na hivyo nadhani tumeshajua viliko. Mama hauzi kitu. Mama hasikilizi tu.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi yangu nikaiweka sawa.

Dawa inaendelea. Kitanda kinabaki juu. Ila kila asubuhi mtu anione nikimeza, na Jumatatu nipimwe tena. Binti yangu hukesha kazini, akirudi kunakucha ni kulala tu, kwa hiyo akampigia simu shangazi yake papo hapo. Wifi akakubali kabla hajaulizwa.

Jumapili, 15 Machi

Wifi kapanda ngazi zote na mgongo wake, mkono mmoja kiunoni, anahema kama kaja kwa mbio. Kakaa kiti changu. Kaniamuru nifungue kinywa, niinue ulimi, akasema bado anaona kitu pale. Ni jino! Wifi yangu, akasema, wewe ni wa kuchungwa. Halafu akanywa chai yangu yote.

Nyonga lakini imetulia. Leo nimeshuka kwa miguu. Fundi cherehani akauliza kama vumbi limekwisha. Nikampita.

Kesho kipimo. Binti yangu alinieleza kwa simu, polepole, kama nafundishwa kuhesabu: mama, meza, nenda, toa, rudi, usiongeze akili yako. Nimemsikia. Mimi si mtoto.

Ila wifi alipokuwa anashuka kasema wa kwake ulikuwa unang'aa, mpaka Glovu akamwita mwenzake aje auone. Hilo silivumilii. Wangu kesho utang'aa kuliko kioo. Kung'arisha ni maji tu, na maji si dawa, hapo hawana la kunishika.

Binti yangu, ukurasa huu nauacha wazi mezani. Ukirudi ukanikuta nimelala, jaza maji jagi kubwa mpaka mdomoni, uliweke kando ya kitanda changu. Na lile la wageni pia. Shangazi yako asijue!