Kilele cha Baleti Majumbani, Milimani Mkuyuni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake ameshindwa kufika na kuniomba mimi nimwakilishe, na kwa hiyo najisalimia. Waheshimiwa wajumbe wa meza kuu, mliopo na ambao viti vyenu vipo. Viongozi wetu wa dini, mliotuombea mvua isinyeshe mkasikilizwa. Wazee wetu, shikamooni (Marahaba). Wafanyabiashara mliofunga meza zenu kuja kunisikiliza, na ninyi ambao hamkufunga lakini mnanisikia kwa sababu spika zimeelekezwa sokoni. Ndugu wanahabari, ambao tumepokea taarifa kwamba wako njiani tangu asubuhi. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu ambaye haikumzingatia, basi ajizingatie. (Kicheko.)

Mimi ni Jonathan Rutashobya, Mratibu Mwandamizi wa Mpango Jumuishi wa Baleti Majumbani kwa Maeneo ya Mawe na Miinuko, kwa kifupi MJUBAMAMI. Wapo wanaouliza baleti ni nini. Baleti ni ile ngoma ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole, ila mpango wetu haumsimamishi mtu kwa ncha za vidole; unahusu mazoezi yaliyochotwa humo, ambapo mwananchi akiwa nyumbani kwake anashika kitu kisichoyumba, ananyoosha mgongo, anakunja magoti taratibu, anainua visigino, kisha mguu mmoja, huku akimfuata mwalimu aliye ndani ya simu. Mpango huu umebuniwa kwa vishoni ya hali ya juu, kwa kuwashirikisha stekiholda wote, ukijikita katika kapasiti bildingi ya nyonga, magoti na vifundo, ili kuleta impakti ya kudumu katika ngazi ya kaya, na ninaposema ngazi ya kaya nina maana pia ya ngazi zenyewe, zile za mawe mnazopanda kwenda makwenu. (Makofi machache.)

Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya wanufaika waliohojiwa wamenufaika. (Sauti kutoka nyuma: “Ni wangapi?”) Hilo ni swali zuri na tumelipokea.

Sasa niruhusuni nitoke kidogo kwenye hotuba iliyoandaliwa, niwaeleze habari za mnufaika wetu wa kwanza, Mwalimu Paskazia, yule pale mwenye gauni la bluu, anayetikisa kichwa. Wengi wenu aliwafundisha jiografia kabla hajastaafu, na nyumba yake ni ile ya juu kabisa, iliyoegemea jiwe. Mwaka juzi, msimu wa mvua, alikuwa anapandisha na kapu lake la sokoni, mguu ukateleza kwenye ile kona ya ngazi ambayo nyote mnaijua, akaanguka vibaya, goti likavimba kama nazi. Madaktari walimtibu, goti likapona, wakamwambia awe anatembea. Hakutembea. Goti lilikuwa limepona, lakini woga ulikuwa bado mbichi, na kila alipofika mlangoni akiitazama ile ngazi inavyoteremka, alikumbuka jambo la kufanya ndani. Sokoni akawa anaagizia majirani. Kanisani akawa anasali na redio. Msimu ukapita na mwingine ukaja, na Mwalimu hajashuka.

Wakati huo akafariki Josepha. Josepha alikuwa mke wa kaka yangu Rwehumbiza, na alikuwa rafiki wa Mwalimu tangu walipokuwa wasichana kule Kagera, wamefundisha shule moja, wameimba kwaya moja. Siku ya kuzika tulipita na jeneza barabara ya chini, kwaya ikiimba, na wanakwaya wananiambia kwamba kutoka juu kule waliisikia sauti ya pili ikiwaitikia. Alikuwa Mwalimu, dirishani, peke yake, ameshika nondo kwa mikono miwili, anamwimbia mwenzake ambaye hakuweza kumfikia.

Hii, ndugu zangu, kitaalamu ndiyo tunayoiita besilaini, yaani hali ya kabla ya mpango.

Usiku ule binti yake Kokulinda, anayefanya kazi Dodoma, alimpigia simu akamkuta analia. Kesho yake akamtumia video.

“Mama, fuata huyo dada anavyofanya.”

“Huyo dada amevaa nini?”

“Usiangalie nguo, mama. Angalia magoti.”

Mwalimu akaiegemeza simu kwenye birika, akashika zile zile nondo za dirisha, akaanza. Siku ya kwanza goti lilikunjika kidogo tu likagoma, na yule dada wa kwenye simu alikuwa ameshahamia zoezi jingine, Mwalimu akawa anamwambia, “Subiri, mwanangu, unakimbilia wapi,” mpaka Kokulinda alipomwelekeza jinsi ya kumsimamisha. Hata hivyo hakuacha. Kila asubuhi, kabla ya uji, dirishani. (Mwalimu Paskazia, akiwa amekaa: “Mheshimiwa, kwa hiyo unasema video alinitumia Kokulinda.”) Ndiyo, Mwalimu, na Kokulinda ni sekta binafsi, ambayo mpango wetu unaitambua. (“Na nondo ni za dirisha langu.”) Huo ni mchango wa jamii, na tunaushukuru. (Kicheko kirefu.)

Chini ya nyumba ya Mwalimu anakaa Ngosha, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye kila wiki yuko mnadani Misungwi na kila akirudi anashika kiuno. Asubuhi moja akasikia kishindo juu yake. Akapandisha mbio na shuka begani, akasukuma mlango.

“Shikamoo, Mwalimu. Umeanguka?”

“Marahaba. Sijaanguka. Nimetua.”

Alikuwa amefika kwenye video ya kuruka. Ngosha akamtazama, akaitazama simu, akauliza kama hizi ni dawa au ni ngoma. Mwalimu akamwambia asogee ashike nondo, maana ule mgongo wake anausikia ukilalamika mpaka huku juu. Ngosha akasema yeye ni Msukuma, ngoma za nguvu amezicheza tangu utotoni, haka ka kukunja magoti hakawezi kumshinda. Mwalimu akamjibu, “Kunja basi, na usitoe makalio nje.” Kwa maelezo ya shuhuda wa kuaminika, ambaye ni Mwalimu mwenyewe, Ngosha alitetemeka mapaja kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. (Kicheko. Ngosha anainua mkono kukiri.) Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Keshokutwa yake alirudi, na alikuja na mke wake Hellen, na Hellen akawaita wenzake, mpaka sebule ikajaa na makochi yakatolewa nje.

Ikafika asubuhi ambayo Mwalimu alivaa viatu vya kutokea. Ngosha alikuwa mlangoni.

“Nitangulie au nikufuate?”

“Tangulia. Nikianguka niangukie kitu laini.”

Wakashuka. Walipofika ile kona Mwalimu alisimama, akasimama sana, watu wanaopandisha wakapita pembeni yao kimya kimya. Ngosha akamuuliza kama warudi. “Hapana,” akasema, “nishikie kapu tu.” Akanyoosha mgongo, akainua visigino akavishusha, kama alivyozoea dirishani, halafu akatanguliza mguu ule ule ulioteleza, akaukanyagia. Ukamhimili. Akaongeza mwingine.

Mimi siku hiyo nilikuwa kwa kaka yangu, huku chini, tumekaa barazani tunakunywa chai, nikamwona Mwalimu amesimama getini na kapu, jasho linamtiririka, amenyooka kama askari wa gwaride. Kaka akainuka. Mwalimu akasema, “Rwehumbiza, nimechelewa msiba.” Kaka yangu, ambaye tangu tumzike Josepha alikuwa haongei zaidi ya salamu, akamwambia, “Msiba hauna kuchelewa, Mwalimu. Karibu ndani.” Wakaingia, wakakaa, na baadaye nikiwa nje nilisikia kaka anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje.

(Mratibu anafuta miwani, anatafuta ukurasa.)

Na hiyo, ndugu wananchi, ndiyo tunayoiita impakti.

Sasa nirejee kwenye hotuba. Katika awamu zinazofuata, mpango utajenga Kituo cha Umahiri cha Baleti ya Majumbani, kitakachokuwa na kioo ukuta mzima, ili wananchi waache kufanyia majumbani. Tutaandaa roodimapu, tutaunda kikosi kazi, na kikosi kazi kitaunda kamati. (Mwalimu Paskazia anasimama: “Mheshimiwa, sisi ombi letu ni dogo. Jirani yangu Bibi Bernadeta yuko kule juu, hajashuka bado. Mazoezi tunamfuata kumfanyisha, lakini ngazi haina pa kushika. Tunaomba reli.”) Mwalimu, ombi lako ni zito kwa sababu linagusa sera. Reli inahitaji upembuzi yakinifu, upembuzi unahitaji hadidu za rejea, na hadidu za rejea haziwezi kuandikwa kabla ya wadau kukubaliana reli ni nini. Ila nakuahidi mbele ya umati huu kwamba mchakato utaanza mara moja, kwa kasi inayofaa. (Ngosha: “Mheshimiwa, Mwalimu anauliza ya ile sehemu ya juu. Hapa chini mpaka kwenye kona tumeshaweka. Mabomba ya zizi langu la zamani.”) Ahaa. (Ngosha: “Juu tutamalizia Jumamosi.”)

Basi ndugu wananchi, ni furaha yangu kutangaza kwamba awamu ya pili imetekelezwa kwa sehemu kubwa, na iliyobaki itatekelezwa Jumamosi. (Makofi makubwa kuliko yote.)

(Sauti: “Mheshimiwa, tuonyeshe na wewe.” Wengine wanaitikia.) Jamani, mratibu anaratibu. (“Kidogo tu.”) Haya. Kama mnavyoona, nashika hiki kimeza cha hotuba, nanyoosha mgongo, nakunja magoti taratibu… taratibu… na hapa nilipofika panaitwa kituo cha tathmini. (Kimeza kinayumba.) Ningependa kuinuka, ila nasubiri taratibu zikamilike. (Mwalimu Paskazia anapanda jukwaani.) Ananiambia niachie kimeza, hiki kinayumba. Ananiambia nimshike bega. Ananiambia, “Pumua, Rutashobya, kisigino chini, usikimbilie.” Napumua. Ninainuka. Mnaona ninainuka. (Vigelegele.) Anasema nianze kuhudhuria, asubuhi, kabla ya uji, na nikubali kusimama nyuma ya Hellen kwa sababu bado ni mgeni. Nimepokea maelekezo.

Kabla sijamaliza, tuitikie kaulimbiu. Nikisema goti likinyooka, semeni taifa linasimama. Goti likinyooka. (Wananchi: “Tunashuka sokoni.”) Hiyo siyo iliyoandikwa hapa, lakini tutairekebisha. Mgongo wima. (Ngosha peke yake: “Makalio ndani.” Kicheko.) Ndani, ndani kabisa.

Kwa niaba ya Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, namshukuru Kokulinda kwa video, Mwalimu Paskazia kwa sebule, Ngosha kwa mabomba, na ninyi nyote kwa magoti yenu. Shukrani za pekee ziende kwa ofisi yangu, ambayo ina meza, ina mhuri na inanitarajia Jumatatu, kwani kwa kuchelewa kwake kuuanzisha mpango huu hadi leo hii ninapozungumza nanyi, imewapa wananchi nafasi ya kuumaliza. Asanteni sana.