Saa Arobaini za Angani

Jumatatu, 3 Machi
Shirika la ndege limeniita kwenye usaili Alhamisi! Nilete leseni, cheti cha afya na kitabu changu cha saa nilizorusha ndege. Mke wangu alilia kwa furaha. Miaka miwili sasa tunalala chumba cha uani kwa kaka yake, sisi, mtoto na matairi ya baiskeli. Nikipata kazi, tunahama. Tatizo dogo: napungukiwa saa. Huyo shemeji, fundi wa ndege pale klabu nilikojifunzia urubani, aliuliza ngapi. Arobaini, nikasema. Akacheka, akasema hiyo namba ina wenyewe. Mtu wa grisi atanifundisha nini?

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimekwenda klabu kusalimia tu. Ratiba ya mwaka jana bado iko ubaoni, kila ndege imejaa majina ya marubani. Ningejiandika humo ningegongana na mtu. Lakini ile ya mstari wa bluu, miezi mitatu mizima hakuna jina hata moja! Kitabuni mwangu nimeandika kwamba saa zote arobaini nilirusha ndege hiyo. Kalamu mbili tofauti. Safari moja nimeitia mvua, ipendeze.

Jumatano, 5 Machi
Nimekutana na Mnyoofu, niliyesoma naye urubani. Naye ameitwa. Ana saa zinazotakiwa tu, bila ziada. Maskini! Nimemshauri asijisumbue. Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Shemeji aliuliza mbona nachangamka hivi. Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata.

Alhamisi, 6 Machi
Mhakiki ni mama mpole mwenye sweta. Nikajua nimepona. Leseni yangu ameshaiulizia mamlaka ya anga, mkufunzi wangu ameshampigia simu. Kalamu zangu hakuziangalia hata kidogo. Alisema kila ndege nayo ina kitabu chake, na wao huvilinganisha. Akauliza ile ya mstari wa bluu inarukaje. Nyepesi sana, nikajibu. Akasema lazima iwe nyepesi, maana miezi ile haikuwa na injini.

Kisha akampigia fundi aliyeing'oa, mbele yangu, simu kwenye spika. Shemeji! Nilimwomba Mungu amtie uongo mdomoni. Akasema kweli, kwa sauti ya chini. Nimerudi kwa miguu.

Jumanne, 11 Machi
Mamlaka wamesimamisha leseni yangu. Hata saa zangu za halali zitachunguzwa upya. Mnyoofu amepata kazi. Shemeji alisema angenificha, yeye ndiye angepoteza leseni ya ufundi, na wanawe wangekula nini? Mke wangu anafungua vyombo, kimoja kimoja. Afadhali angenitukana. Naumia sana.

Jumapili, 16 Machi
Leo mke wangu amesema jambo moja tu: nitafute kazi ya halali. Haya! Nimeona tangazo. Shirika jingine la ndege linatafuta mhakiki wa nyaraka za marubani. Nani anazijua hila zao kuliko mimi? Wanataka uzoefu wa miaka mitatu katika uhakiki. Nimeandika minne, wasije wakaona sina ziada. Mdhamini nimemweka shemeji. Nitamwambia wakishampigia.