Harusi ya Mchezo Uwanjani Badjanani

Jumamosi, 9 Julai 1977. Moroni.
Julai bila harusi kubwa, zile za kuchinja ng'ombe na kulisha mji mzima! Serikali imezipiga marufuku, na sisi makarani imetufukuza wote kwa mpigo. Mji umepooza. Imebaki michezo ya kuigiza tu. Mroudjae, karani mwenzangu wa zamani, ana kundi lake, na jana uwanja wa Badjanani ulifurika. Watu walishika mbavu kwa kicheko. Mimi sikucheka. Mtu asiyejua hata kupanga barua kwa tarehe! Ijumaa nami natoa mchezo, wa kuikejeli harusi kubwa. Kamati ya vijana imeridhia. Bwana harusi: mimi. Hatimaye nitavaa joho bila kuchinja ng'ombe hata mmoja.

Jumatatu, 11 Julai.
Mazoezi. Nimepata dawa ya Mroudjae: kila kitu kiwe cha kweli. Bibi harusi ni Nouriat, binti wa fundi cherehani. Baba yake, mzee Assoumani, atacheza baba. Mashahidi ni Ousseni na Chamsidine. Nouriat ananiita baba mdogo. Nimemkataza.

Ijumaa, 15 Julai.
Balaa! Mchezo ukikaribia kuanza, Chamsidine akahamia kwa Mroudjae, kaahidiwa kucheza mfalme. Nikamvika Moinaecha, muuza samaki, kanzu na kofia ya mumewe, na masharubu ya masizi. Hakuna aliyegundua. Uwanja ulijaa pomoni! Wanawake walipiga vigelegele vya kweli, masikini, wana hamu ya harusi. Mzee Assoumani akatamka kwa sauti nzito kwamba ameniozesha binti yake. Nikajibu nimekubali. Makofi! Mroudjae alisimama nyuma, amenuna. Raha iliyoje.

Kisha Fundi Housseini, mwalimu wetu wa Kurani, akaniita pembeni. Akasema ndoa haina mzaha: baba akioza na mume akikubali, hata kwa kucheza, imefungwa. Basi sasa nina wake wawili!

Jumamosi, 16 Julai.
Sijapata usingizi. Mke wangu Anziza yuko Mutsamudu, na nyumba ni yake, kwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Akisikia, nitalala bandarini na wapakuzi. Mzee Assoumani ameshaanza kuniita mkwe. Nouriat analia. Analia kupita kiasi, kwa maoni yangu.

Jioni nikarudi kwa Fundi Housseini, mara ya tatu. Akauliza mashahidi walikuwa nani. Nikamtaja Ousseni. Akauliza wa pili. Nikakohoa, nikamtaja Moinaecha. Fundi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akasema mashahidi sharti wawe wanaume wawili. Ndoa ni batili, niende zangu. Alhamdulillahi! Nilitaka kulia kwa furaha, nikalia kidogo. Nouriat alipopata habari alicheza ngoma mlangoni kwao. Hakuwa na haja ya kufurahi kiasi kile.

Jumatano, 20 Julai. Mutsamudu.
Nimefika salama. Anziza alikuwa ameshasikia yote, habari zilitangulia meli. Tangu bandarini hadi mlangoni nilikuwa natunga visingizio. Lakini alinipa chai, hakufoka hata kidogo. Moyo wangu umetulia kabisa.

Huku nako kumepooza, hakuna hata mchezo mmoja. Basi natoa mpya, Ijumaa, wa kumkejeli mume anayetoa talaka ovyo. Mume: mimi. Mke: Anziza mwenyewe! Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Akashauri talaka ziwe tatu, nizitamke polepole, kwa sauti, mbele ya kaka zake. Ana kipaji cha kuzaliwa. Ameshafungasha nguo zangu zote kwa ajili ya onyesho, mpaka viatu.

Na nimekwisha kujifunza, sifanyi tena mambo kwa kubahatisha. Wazo la mchezo huu lilinijia Moroni, na kabla ya kupanda meli nilimuuliza Fundi kuhusu talaka. Akasema haihitaji shahidi hata mmoja. Alitaka kuendelea, lakini meli ilikuwa inapiga honi. Haihitaji shahidi! Safari hii hakuna wa kuniharibia.